Perege wa Korogwe, Maji Yake na Vimelea Vyake

Mwaka 1949 majaribio ya kwanza ya kufuga samaki nchini Tanganyika yanayojulikana kwa maandishi yalianza katika sehemu mbili: Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, kusini mwa Ziwa Victoria. Samaki aliyechaguliwa alikuwa perege. Korogwe ya wakati ule ilikuwa mji wa reli na mkonge. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilikuwa imefika hapo mwaka 1902, mashamba ya mkonge yalikuwa yametanda kando ya Mto Pangani na katika bonde la Luengera, na manamba kutoka pembe nyingi za nchi walikuwa wakikata mkonge na kulala makambini. Kitoweo kilihitajika, na maji yalikuwepo. Mabwawa yakachimbwa, yakajazwa, vifaranga vikamwagwa.

Habari za mabwawa hayo husimuliwa kama habari za samaki na za wafugaji. Hapa nazisimulia kama habari za maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoamua ni kimelea gani kitaishi, kitazaana na kumdhoofisha perege, na ni kipi kitakufa kabla hakijamfikia. Ukilielewa jambo hilo, zaidi ya miaka 70 ya ufugaji wa samaki Korogwe na katika wilaya jirani ya Handeni inasomeka upya.

Mto Pangani huanza na mikono miwili. Kikuletwa hukusanya maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya Kilimanjaro. Ruvu hutoka Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya. Mikono hiyo hukutana Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960. Huko juu ardhi ni ya volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba sodiamu, bikaboneti na floraidi, ile ile floraidi inayotia meno ya watoto wa Arumeru rangi ya kahawia. Mto ukishateremka hadi Korogwe hupokea Mkomazi, unaoleta maji ya Pare na Usambara, kisha Luengera, unaotoka Usambara. Miamba ya Usambara ni ya kale na migumu. Huyeyuka polepole mno, na kwa hiyo vijito vyake ni laini, vyenye madini machache.

Vuka mto uelekee kusini, uingie Uzigua, na hali inabadilika. Handeni haina mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima katikati yake. Msangasi hujaa masika na kunywea kiangazi. Watu na ng'ombe wametegemea malambo yanayokinga maji ya mvua, na bomba kuu la Handeni, lijulikanalo kama HTM, linalochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe. Basi ndani ya wilaya mbili zinazopakana kuna maji ya namna tatu: maji ya mto yaliyochanganyika, maji laini ya vijito vya milimani, na maji ya malambo ambayo tabia yake hugeuka kwa majira. Perege anaweza kuishi katika yote matatu. Vimelea vyake haviwezi kustawi kwa kiasi kimoja katika yote.

Elimu ya mambo hayo ilikuja kwa njia mbili zilizokaa mbalimbali kwa muda mrefu. Njia moja ilikuwa ya vimelea. Mwaka 1904 na 1905 Mwingereza William Alfred Cunnington alikwenda Ziwa Tanganyika kukusanya viumbe wa majini. Mwaka 1913 akachapisha maelezo ya chawa wa samaki wa ziwa lile, na mwaka 1914 ya jamaa zao wengine wanaong'ang'ania matamvua na ngozi. Njia ya pili ilikuwa ya maji yenyewe. Mwaka 1930 na 1931 msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ulioongozwa na E. B. Worthington, ulizunguka maziwa ya Afrika Mashariki. Ndani yake alikuwemo Leonard Beadle, aliyepima maji ya maziwa hayo na kuuliza kwa nini viumbe fulani wapo hapa na hawapo pale. Beadle baadaye alifundisha Makerere, na kitabu chake juu ya maji ya bara la Afrika la kitropiki kilitoka mwaka 1974.

Mwaka 1947 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha shirika la utafiti wa uvuvi mjini Jinja, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Rosemary Lowe, aliyekuwa amekwisha kuwachunguza perege wa Ziwa Nyasa, alijiunga nalo mwaka uliofuata. Ni yeye aliyewachambua perege wa Mto Pangani na Ziwa Jipe. Wavuvi waliwajua samaki hao kwa rangi, kwa umbo na kwa ladha. Lowe aliwatazama mapezi, meno na rangi za madume wakati wa kuzaliana, akaona kwamba mto huu una perege wake wenyewe. Katika maandishi yake ya mwaka 1955 walipata majina ya kisayansi: mmoja akaitwa kwa jina la Ziwa Jipe, mwingine kwa jina la Mto Pangani, na mwingine kwa jina la Korogwe. Huyo wa mwisho leo anaandikwa Oreochromis korogwe. Maandishi hayo yalipotoka, Lowe hakuwa tena Jinja. Alikuwa ameolewa mwaka 1953, na kanuni za utumishi wa kikoloni zilimlazimu mwanamke anayeolewa kuacha kazi. Afrika Mashariki ikampoteza mtafiti aliyeujua mto wetu kuliko wengi wa wakati wake.

Kazi ya vimelea iliendelea Jinja mikononi mwa Geoffrey Fryer, ambaye mwaka 1968 alikusanya pamoja maarifa juu ya chawa na jamaa zao wote wanaowashambulia samaki wa maji baridi barani Afrika. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1965, J. F. Talling na Ida Talling walikuwa wamechapisha uchambuzi mkubwa wa kemia ya maziwa ya Afrika. Waliyagawa maziwa katika makundi matatu kwa kipimo cha uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa kuwa kadiri chumvi na madini yanavyozidi, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi. Kundi la kwanza halifiki maikrosiemensi 600 kwa sentimita, la pili ni kati ya 600 na 6,000, na la tatu huzidi hapo. Ziwa Victoria lina maji laini, yenye kipimo cha karibu 100. Tanganyika ni zaidi ya mara sita ya hapo. Maziwa ya Natron na Magadi yako mbali kabisa juu ya kikomo cha kundi la tatu.

Vipimo hivyo vina uhusiano gani na mnyoo ndani ya samaki? Jibu linaanzia kwa konokono.

Katika malambo ya Handeni, kama kwenye mabwawa mengi ya Afrika Mashariki, perege anaweza kukutwa na vifuko vya manjano chini ya ngozi, karibu na matamvua au ndani ya kinywa. Ndani ya kila kifuko kuna mnyoo bapa wa jenasi ya Clinostomum anayengoja. Mnyoo huyo hawezi kukomaa ndani ya samaki. Hukomaa kooni mwa ndege anayekula samaki, kama korongo. Mayai hudondoka majini, yakianguliwa hutoa lava mdogo anayeogelea kumtafuta konokono. Asipompata kwa muda mfupi hufa, maana hali chochote. Akimpata, huzaana ndani yake na kutoa lava wa namna nyingine, na hao ndio wanaomtoboa perege. Mnyoo mwingine wa ukoo huo, Euclinostomum, hupitia kwa konokono wa jamii ya Bulinus, jamii ile ile inayobeba kichocho cha mkojo. Samaki mwenye minyoo hiyo akipikwa akaiva hana madhara kwa mlaji. Ni samaki mwenyewe anayekonda, na ni soko linalomkataa.

Hapo ndipo kemia inapoingia. Konokono hujenga gamba lake kwa kalsiamu. Maji yenye kalsiamu kidogo mno humpa gamba jembamba, ukuaji wa polepole na mayai machache. Maji yenye kalsiamu ya kutosha, majani mengi na utulivu humfanya ajae. Maji makali ya magadi humwondoa kabisa: konokono wa kichocho hawaishi katika maji ya Natron, na minyoo inayomtegemea konokono huyo haina njia ya kupita huko. Hata hivyo kalsiamu haitawali peke yake. Ziwa Victoria ni laini, na bado mwambao wake una konokono wa kichocho cha tumbo, kwa sababu ghuba tulivu, magugu na uchafu wa binadamu huwapa hifadhi na chakula. Kijito laini cha Usambara kinachokimbia juu ya mawe humnyima konokono vyote viwili, madini na utulivu. Ukikiongoza kijito hicho kwenye bwawa, ukatia samadi, majani yakaota kandokando, umempa alivyokuwa akivikosa.

Kuna minyoo isiyohitaji konokono. Katika Ziwa Naivasha, Kenya, S. P. Malvestuto na A. Ogambo-Ongoma walieleza mwaka 1978 jinsi perege wanavyobeba lava wa mnyoo duara wa jenasi ya Contracaecum. Lava hao hukaa katika uwazi unaozunguka moyo wa samaki. Mnyoo huyu hukomaa tumboni mwa ndege kama mnandi na mwari, na badala ya konokono hupitia kwa viduduchembe wanaoelea majini ambao samaki huwala. Kwa hiyo maji yanayomfukuza konokono si lazima yamfukuze mnyoo huyu, ilimradi viduduchembe wapo na ndege wanakuja. Mfugaji anayejisifu kwamba bwawa lake halina konokono hajamaliza kazi.

Kundi la tatu ni la vimelea visivyohitaji mwenyeji wa pili. Wamo viumbe wa seli moja kama Trichodina, anayetambaa juu ya ngozi na matamvua, na Ichthyophthirius, anayesababisha madoa meupe. Wamo pia minyoo midogo ya matamvua ya jenasi ya Cichlidogyrus, inayoishi hasa kwa perege na ndugu zake. Kwa hawa, kemia ya maji hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza huwagusa wenyewe: viumbe wengi wa namna hii wa maji baridi hawavumilii chumvi, ndiyo sababu wataalamu huwaogesha samaki wagonjwa katika maji ya chumvi kwa dakika chache. Pili humgusa samaki. Perege aliyebanwa na maji mabaya hupoteza ute unaomlinda na nguvu ya mwili ya kupigana.

Bwawa la kijani lililojaa mwani ni mfano mzuri. Mchana mwani huvuta hewa ya ukaa kutoka majini, na pH hupanda. Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia. Katika maji ya nyuzijoto 28 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki haifiki asilimia 1. pH ikipanda hadi 9, sehemu hiyo hufika takriban asilimia 40, bila mtu kuongeza hata punje ya uchafu. Usiku mwani nao hupumua, oksijeni hushuka, na alfajiri perege huonekana wakihema juu ya maji. Wakati huo huo bakteria waliojaa kwenye uchafu humlisha Trichodina. Samaki amedhoofika, kimelea kimeshiba. Mfugaji anaona vifo na kutafuta dawa, ilhali ugonjwa ulianza kwenye maji wiki kadhaa kabla.

Lambo la Handeni linaongeza jambo lake. Kiangazi kikikaza, maji hupungua na chumvi zilizomo hukolea. Samaki, konokono na ndege husogezwa pamoja katika dimbwi moja. Safari ya mnyoo kutoka kwa ndege hadi kwa konokono na kwa samaki, ambayo katika ziwa kubwa ni ya kubahatisha, hapo inakuwa ya hatua chache. Kambale humudu kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu. Perege hana njia hiyo.

Sasa turudi kwenye mabwawa. Baada ya Korogwe na Malya, uchimbaji ulienea, na kufikia mwaka 1968 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitaja kuwa nchi ilikuwa na mabwawa ya samaki yapatayo 8,000. Idadi ilikuwa kubwa, mavuno hayakuwa. Baadhi ya mabwawa yalikuwa na mita 20 tu za mraba. Mengi yalikufa, na sababu zinazotajwa ni uangalizi hafifu, mbinu zisizofaa, vifaranga duni, ukame na miundombinu mibovu. Sababu hizo ni za kweli. Lakini zitazame kwa jicho la maji. Bwawa la mita 20 za mraba hupata joto haraka, hukauka haraka na huchafuka haraka. Ukame hukoleza chumvi na kuwabana samaki. Uangalizi hafifu maana yake ni majani, konokono na tope lenye amonia. Naamini kwamba kasoro kubwa ya miaka ile ilikuwa kuhesabu mabwawa na vifaranga huku elimu ya maji, iliyokuwa imekwisha patikana Jinja na Makerere, ikibaki kwenye majarida yasiyomfikia mkulima wa Mombo wala wa Mkata.

Mkonge nao uliandika sura yake. Kusindika majani ya mkonge huhitaji maji mengi, na maji yanayotoka kiwandani ni machungu, yenye asidi na mabaki yanayooza. Yakiingia mtoni hula oksijeni. Kwa miaka mingi mito ya Korogwe ilipokea maji ya namna hiyo. Ni jambo la heri kwamba mwaka 2007 kiwanda cha Hale kilianza kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme, kikionyesha kwamba kinachoua mto kinaweza kuwasha taa.

Sura iliyo wazi mbele yetu leo ni ya samaki wageni. Kwa miongo mingi perege wa Nile na wengine walihamishwa kutoka ziwa hadi mto, kutoka mto hadi lambo, kwa nia njema ya kuongeza mavuno. Mwaka 2019 Asilatu Shechonge na wenzake walionyesha jinsi wageni hao walivyoenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania. Perege wa Korogwe amekumbwa na hali hiyo hata mbali na kwao. Katika maziwa madogo karibu na Lindi, likiwemo Rutamba, wanaishi jamaa zake waliotengana na wa Pangani kwa muda mrefu sana, na utafiti wa mwaka 2021 uliwakuta wakichanganyika damu na perege wa kuletwa.

Samaki anapohamishwa, vimelea vyake husafiri naye. Ushahidi mzuri umetoka Kongo. Watafiti walichunguza samaki waliohifadhiwa kwenye makumbusho tangu zamani, wakawalinganisha na samaki wa sasa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba minyoo ya matamvua ya perege wa Nile imerukia perege wenyeji baada ya mgeni kuletwa. Pangani pia ina samaki wa namna hiyo: wale wa Rosemary Lowe walihifadhiwa kwenye jumba la makumbusho London. Matamvua yao yanaweza kuulizwa swali hilo hilo: perege wa Korogwe alikuwa na vimelea gani kabla ya wageni, na ana vipi leo? Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wana wataalamu wa kuifanya kazi hiyo. Ingefaa ifanywe huku perege asilia bado yupo mtoni wa kulinganishwa naye.

Kwa mfugaji wa Korogwe au Handeni, historia hii ina maagizo yanayotekelezeka. Pima maji kabla ya kuleta vifaranga: pH kati ya 6.5 na 9 humfaa perege, na kipimo kichukuliwe alfajiri na alasiri, kwa kuwa bwawa lina tabia mbili kwa siku. Kila baada ya mavuno, kausha bwawa hadi tope lipasuke, kisha tia chokaa. Chokaa hupandisha pH ya tope kwa ukali unaoua mayai ya vimelea na konokono, na ikishatulia huyapa maji laini ya Usambara uimara yanaoukosa. Kiasi chake kitegemee udongo na ushauri wa afisa uvuvi. Fyeka majani ya kandokando. Usijaze samaki kupita uwezo wa bwawa. Usichukue samaki wa lambo moja ukamwaga kwenye jingine, na vifaranga vipya vikae peke yake kwanza vikichunguzwa.

Na kwa halmashauri zetu za Korogwe na Handeni: kila mradi wa ufugaji wa samaki unaopewa fedha za vifaranga upewe pia vifaa vya kupima maji na mtu anayejua kuvitumia. Mabwawa 8,000 yalishatufundisha kwamba bwawa bila elimu ya maji halidumu. Korogwe, mojawapo ya sehemu mbili ambako ufugaji wa samaki wa nchi hii ulianzia, inastahili kuwa mahali pa kwanza pa kulitendea kazi somo hilo.